Siku Niliyopima Macho Bila Leseni

Duka lake lilitazamana na cherehani yangu, barabara tu ikitutenganisha, kwa hiyo hasira yangu haikupata hata siku moja ya kupumzika. Nikiinua kichwa kukata uzi, namwona. Nikitoka kukung'uta vipande vya vitambaa, namwona. Koti jeupe, kalamu mfukoni, anacheka mlangoni na wateja, anawashika mabega wazee walioteremka kutoka Isongole na matope kwenye mabuti. "Karibu ndani, Dokta atakuona." Dokta mwenyewe ni yeye. Alijiita hivyo kwa mdomo wake, kama anayemsemea mtu mwingine aliyeko chumba cha ndani.

Kata nzima ya Makandana ilimwita Dokta. Ukutani, juu ya kioo cha kujaribia miwani, alitundika karatasi yenye nembo ya taifa ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Ilikuwa leseni ya biashara, ndugu yake na ile ninayokata mimi halmashauri ili nishone sketi za shule. Yangu nimeibandika nyuma ya mlango na imejaa madoa ya mafuta ya cherehani. Ya kwake ilining'inia kama picha ya askofu. Watu wakiiona nembo, basi, imetosha, serikali imemruhusu. Hakuna aliyesogea kusoma imemruhusu nini. Na wangesogeaje? Walikuja pale kwa sababu hawaoni kusoma.

Naandika haya nikiwa bado nina kinyongo. Anayetafuta habari ya mama aliyesamehe, asome kwingine.

Binti yangu alikuwa chekechea nilipoanza kuona anainamisha kichwa upande akitazama kitu. Ukimpa picha, kichwa begani. Ukimwita kutoka mbali, kichwa begani. Mama mkwe wangu alisema, "Anaringa huyo, kamrithi mama yake." Siku hizo hizo ikatangazwa kanisani kwamba Dokta, ambaye pia ni mzee wa kanisa, atapima watoto wote macho Jumamosi, bure, ndani ya ukumbi. Nikamvalisha gauni jipya, nikampeleka.

Nataka mwelewe alivyopima, kwa sababu kila kitu kimekaa hapo. Alitundika bango la herufi karibu na ubao, herufi kubwa juu, zinapungua kushuka chini. Watoto akawapanga foleni humo humo ukumbini, wote wanatazama mbele, wote wanasikia. Alishika fimbo kama mwalimu. Sasa watoto wetu wamefundishwaje? Mwalimu akigusa herufi, darasa zima linaitikia. Mtoto wa kwanza alisoma peke yake. Wa pili akasaidiwa na walio nyuma. Alipofika wa nne ukumbi mzima ulikuwa unaimba bango kutoka juu mpaka chini, wanapokezana kwa sauti, wanapiga makofi. Dokta akacheka mpaka akajifuta machozi. "Hawa watoto wana akili!" Wala hakuwatoa nje. Hakuna aliyefunikwa jicho moja. Alikuwa anagusa kwa fimbo, wanaimba, anaweka alama ya vema, anayefuata.

Binti yangu alikuwa mkiani. Zamu yake ilipofika aliimba mstari mpaka mstari, hata ule wa chini kabisa wenye herufi kama chawa. Bibi yake akapiga kigelegele.

Nilimsogelea Dokta. "Shikamoo. Huyu anainamisha kichwa, mbona?"

"Marahaba. Mama, hayo ni madaha ya kike. Macho ya mtoto huyu yanashinda ya mwewe."

"Kwa hiyo nisiwe na wasiwasi?"

"Wasiwasi wa nini? Ila njoo dukani nimpe miwani ya kinga. Vumbi la chaki baya."

Akampa miwani ya waridi. Mtoto akaipenda. Akawa analala nayo nisipomvua. Alipoingia darasa la kwanza alikuwa anaandika akiwa amelaza shavu juu ya daftari, na mwalimu alipouliza nilimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba amepimwa, na miwani anayo.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja, akiwa darasa la pili, alikwenda shambani kwa bibi yake kuokota majani makavu ya migomba, na nyuki akamuuma kope la jicho la kushoto. Alirudi analia, jicho limevimba limefunga kabisa. Nikampaka nilichompaka, nikamwambia kaingie ndani ulale. Akaenda moja kwa moja akagonga mwimo wa mlango. Nikacheka kidogo, nikidhani ni maumivu. Akarudi nyuma, akanyoosha mikono mbele, akapapasa.

"Mama, mbona ukungu umeingia ndani?"

Tukuyu mtu akisema ukungu hushangai, tunaishi nao. Lakini siku hiyo jua lilikuwa limewaka na mlima Rungwe ulionekana hadi kileleni. Nikachuchumaa mbele yake nikainua mkono. "Vidole vingapi hivi?"

Akageuza uso huku na huku. "Mkono wako uko wapi?"

Sikusubiri uvimbe ushuke. Nilimfunga mgongoni kama kichanga, miguu inaning'inia, nikakamata bodaboda mpaka hospitali ya misheni. Huko kuna mtaalamu wa kupima macho, mwanamke wa rika langu, katumwa kutoka mkoa wa mbali, baridi ya kwetu imemshinda anavaa soksi mbili. Nesi alimwosha mtoto jicho la nyuki, tukangoja siku kadhaa lifunguke, tukarudi. Yule mtaalamu akafunga mlango. Akanikalisha nyuma, akaweka kidole mdomoni kwake kunionyesha nisiseme. Akamfunika binti yangu jicho la kushoto kwa kijiko cheusi.

"Nisomee herufi ya juu kabisa."

Herufi ile ilikuwa kubwa kama kiganja changu. Mtoto akainamisha kichwa, akainua, akainamisha. Kisha akaanza kuimba. Aliimba bango la Dokta, lote, kwa mpangilio ule ule wa ukumbini, wakati bango lililokuwa mbele yake lilikuwa na herufi nyingine kabisa.

Mtaalamu akanitazama. Mimi nilikuwa nimejiuma mkono.

Akachukua ile miwani ya waridi, akaisogeza sogeza mbele ya dirisha. "Hivi ni vioo vya dirisha, mama. Nani alimpa?"

"Dokta."

"Dokta yupi?"

Nikamweleza. Akaandika, akaanza kunifafanulia taratibu. Jicho la kulia lilihitaji miwani yenye nguvu tangu mtoto akiwa mdogo sana. Kwa kuwa lilikuwa linaleta picha mbovu, ubongo ukaamua kulipuuza, ukashika la kushoto peke yake. Wanaliita jicho vivu. Dawa yake ni miwani ya kweli, na kulifunika lile zima la kushoto kwa plasta ili lile vivu lilazimike kufanya kazi.

"Litapona?"

"Ungemleta akiwa chekechea ningekujibu bila kuwaza. Sasa tutajaribu. Kadiri anavyokua ubongo unakuwa mgumu kubadilika. Muda upo, ila si mwingi."

Nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kuliwaza maishani. Nani anamruhusu mtu kupima macho ya watu? Akanionyesha kwa kidole ukutani kwake. Karatasi mbili, hazina hata fremu, zimeshikwa kwa gundi ya karatasi. Ya kwanza inasema amesajiliwa na baraza linalosimamia wapima macho nchini, baada ya kusoma chuo na kufaulu. Ya pili ni leseni ya kutendea kazi, ambayo lazima aihuishe, asipohuisha haruhusiwi kugusa mgonjwa.

"Na mwenye duka?"

"Leseni ya biashara inamruhusu kuuza. Kupima ni kitu kingine."

"Sasa anayepima bila hiyo, nani anamkamata?"

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Peleka malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya. Yeye atawasiliana na baraza. Lakini mama, kwanza tushughulike na jicho."

Nilishughulika na jicho. Kila siku baada ya shule namfunga plasta kwenye jicho zima, na kila siku tunapigana. "Mama, unanifanya kipofu!" Ananipiga mateke. Anamwaga uji kwa sababu haoni kikombe. Watoto wa jirani wakamwimbia "chongo, chongo", na niliwafukuza kwa rula ya kukatia nguo mpaka kwao, nikawatukania na mama zao. Nikirudi namkuta binti yangu kakaa chini ya meza ya kukatia, amejaribu kuibandua, ngozi imechubuka. Namshika mikono. Analia, na mimi nalia, na ng'ambo ya barabara Dokta anacheka na wateja.

Siku moja akavuka. Kweli tena, alivuka barabara akaja mpaka kwangu, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, nani kakuambia umfunge hivyo? Hiyo plasta itamharibu. Mlete nimwone."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nashukuru Mungu ulikuwa katikati ya kitambaa kizito na usingetoka haraka.

Nikaenda wilayani. Walinisikiliza vizuri, siwezi kusema uongo. Walisema watakuja kukagua. Walikuja kweli, wakakuta duka limefungwa, bango la "Nimefiwa" mlangoni. Wakaja tena baadaye, amefiwa tena. Aliwahi kufahamu siku ya ukaguzi kabla hata ya wakaguzi wenyewe kupata mafuta ya gari. Nilipofuatilia, afisa aliniambia, "Dada, hatuwezi kuvunja mlango wa mtu aliye msibani." Nikamwambia kwa kasi hiyo ukoo wake utakwisha kabla ya mwaka.

Hapo ndipo niliacha kusubiri serikali ije yenyewe.

Ilikuwa siku ya soko. Foleni ya Dokta ilishafika hadi kwa muuza pembejeo, kina mama na vikapu, wazee na fimbo. Nikabeba kiti changu cha cherehani, nikavuka, nikakaa mkabala na foleni. Mkononi nilikuwa na kipande cha kadibodi ninachochorea kola.

Mzee wa mbele nilimsalimia kwa Kinyakyusa, akafurahi, akaniuliza mimi ni binti wa nani.

"Wa hapo tu, baba. Hebu funika jicho hili kwa kadibodi hii. Soma lile bango la pembejeo."

"Bango gani?"

"Lile pale ukutani."

"Mimi naona ukuta."

Watu wakacheka. Nikamwambia afunike lingine. Akanyoosha shingo. "Ah! Viazi. Mbegu bora za viazi. Kumbe bango lipo!"

"Dokta aliwahi kukupima hivi, moja moja?"

"Ananipima yote pamoja. Kwani nikilima nafumba moja?"

Wakaangua kicheko, lakini kila mmoja akaanza kujifunika kwa kiganja. Huyu anasema, "Eh, la kushoto limekufa!" Yule anabishana na mwenzake kama kuna nyanya kwenye lile bango au hakuna. Bibi mmoja alikuwa ameuziwa miwani mara kwa mara, kila moja nene kuliko ya kwanza. Nikamwomba aivue. Katikati ya jicho palikuwa na weupe ambao hata mimi fundi cherehani niliuona. Nikamwambia, "Mama, hapa hakuna miwani itakayosaidia, nenda hospitali ya misheni, wana mtaalamu." Akanishika mkono kunishukuru. "Ndaga, mwanangu." Akaondoka hapo hapo na kikapu chake. Wengine wakamfuata. Foleni ikaanza kufumuka kama mshono wa uzi mbovu.

Dokta akatoka.

"We fundi! Unafanya nini mbele ya duka langu?"

"Napima macho."

"Rudi kwenye sketi zako!"

"Sketi nazipima kwa tepu, Dokta. Wewe unapima kwa nini, kwa kwaya?"

Walioelewa walicheka, wasioelewa wakacheka kwa kuwa wenzao wamecheka. Uso ukamwiva. Akavuta koti, akageukia umati, akanyoosha kidole kwangu kama wakili.

"Mwulizeni kama ana leseni ya kupima watu macho!"

"Sina," nikasema.

"Mmesikia? Amekiri! Kupima macho bila leseni ni kosa la jinai. Kwa mtendaji, sasa hivi, na nyinyi wote ni mashahidi!"

Mpaka leo nikiwa peke yangu nashona naikumbuka dakika ile, natabasamu. Angenifukuza tu. Angenimwagia maji. Lakini yule mtu alikuwa ameitazama ile karatasi ya ukutani, kila asubuhi akiifuta vumbi, mpaka na yeye akaiamini. Aliongoza msafara mbele, koti jeupe linapepea, ananipeleka serikalini kwa miguu yake.

Mtendaji wa kata wetu ni kijana aliyehamishiwa huku kutoka kanda ya ziwa. Alikuwa amevaa jaketi na kofia ya sufu ndani ya ofisi. Umati ukajaza mlango.

"Haya Dokta, malalamiko yako."

"Huyu mwanamke anapima wananchi macho hadharani bila leseni. Ni hatari. Anaweza kumpofusha mtu."

Hapo nilitaka kumrukia. Nikashika meza.

"Ni kweli?" mtendaji akaniuliza.

"Kweli tupu. Na sheria inakataza, kama alivyosema. Andika hivyo hivyo alivyosema."

Mtendaji akaandika, akamsomea, Dokta akasaini kwa mbwembwe. Ndipo nikasema, "Mimi ni mjinga wa mambo ya leseni. Naomba Dokta atuletee ya kwake tuone leseni halali inafananaje."

Hakusita hata kidogo. Alikwenda mwenyewe akaitoa ukutani, akaja nayo ameikumbatia kifuani, fremu na kila kitu. Akaiweka mezani. Mtendaji akaisoma kimya. Akaisoma tena, akavua kofia.

"Dokta, hapa pameandikwa kuuza miwani, saa za ukutani na vifaa vya simu."

"Ndiyo. Ya macho hiyo."

"Hii ni ya duka. Leseni ya kupima iko wapi? Ya baraza?"

"Mimi nimejifunza kazini. Nilizunguka mikoa mingi na wataalamu wa kampeni ya macho."

"Kama nani?"

Akashusha sauti. "Nilikuwa na gari."

"Kama nani, mzee?"

"Dereva."

Yule mzee wa viazi akauliza kutoka mlangoni, kwa upole kabisa, "Lakini leseni ya udereva unayo?"

Ofisi ililipuka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia mtendaji, kwa sababu nilimwona anaifunga kalamu. Na najua kalamu ya mtendaji ikifungwa maana yake nini.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Wote mmekosea. Ninyi ni majirani, mnasali kanisa moja. Peaneni mikono, tuyamalize hapa hapa."

Dokta akanyoosha mkono upesi. Alikuwa anajua. Huku kwetu ukishaupokea ule mkono, kwenye faili inaandikwa wamepatana, na faili haliendi popote. Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikaifumbata.

"Sipatani. Nimevunja sheria, nataka nishtakiwe."

"Dada, nakuokoa."

"Usiniokoe. Kuna mtu amesaini kwamba nimepima macho bila leseni. Peleka wilayani. Na karatasi hii yenye fremu iambatane, maana ni kielelezo cha mlalamikaji."

Mtendaji aliguna. Lakini mashahidi walikuwa wengi, na saini ilikuwa ya Dokta mwenyewe. Akafungua kalamu.

Wiki hiyo niliandamwa. Mume wangu, anayesafiri na lori la parachichi, alipiga simu kutoka njiani. "Unatufarakanisha na watu. Mwache mzee wa watu." Nikamwambia, "Wewe una macho mawili, ndiyo maana unaona mbali." Akakata.

Mama mkwe alikuja na kina mama wawili wa kwaya. Walikuja na jogoo aliyepikwa na ndizi, chungu kizima kimefungwa kwa majani. Nilijua ni nini. Tukila pamoja chakula kilichotoka kwa yule mtu, neno limekwisha, na atakayelifufua ndiye mbaya.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, "hata mimi kanipa miwani. Ndiyo hii nasomea Biblia."

"Mama, unasoma au unakumbuka?"

"Nasoma!"

Nikachukua gazeti nililofungia vitambaa, nikaliweka mbele yake. Akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Kina mama wa kwaya wakatazama dari. Akalikunja, akaliweka chini, akasema kwa sauti ndogo iliyojaa hasira, "Umenidhalilisha mbele ya watu."

"Siye mimi, mama."

Wakala wenyewe. Nilikuwa na njaa ya kuumwa tumbo, na yule jogoo alinukia tangawizi na kitunguu mpaka mate yakanijaa. Nikaingia chumbani nikanywa uji baridi uliobaki wa mtoto. Mama mkwe hakuongea na mimi kwa muda mrefu. Lakini alivua ile miwani, na siku moja nikasikia kwamba amepanda bodaboda kwenda misheni, bila kuniaga.

Walipokuja safari hii, wakaguzi wa wilaya na mtu wa baraza, Dokta hakuweza kufiwa. Yeye ndiye aliyelalamika. Barua ilimtaka awepo dukani kueleza malalamiko yake. Nilisimama mlangoni kwangu, nimeacha sketi ya mteja chini ya sindano, nikatazama mwanzo mpaka mwisho. Walitoa bango la herufi. Walitoa sanduku la vioo vya kujaribia. Chumba cha ndani wakakitia kufuli na utepe. Mtu wa baraza alimwambia, kwa sauti iliyosikika barabara nzima, "Vua hilo koti." Akalivua. Ndani alikuwa na fulana ya timu ya mpira. Koti lile halikustahili kukunjwa, lakini alilikunja vizuri, akalishika mkononi hajui aliweke wapi, na watu wa soko wamejaa wanamwangalia. Nilitamani jambo lile lichukue muda mrefu zaidi.

Mimi nilipewa onyo. Mtu wa baraza alivuka barabara kunipa. "Hata nia ikiwa njema, usirudie. Kuna mtu unaweza kumwambia yuko mzima kumbe anapoteza jicho." Nikamwambia najua. Akataka kuendelea kunielimisha, kisha akamwona binti yangu chini ya meza na plasta yake, akaacha.

Dokta alipelekwa mahakamani, akatozwa faini, akalipa. Kanisani bado anakaa benchi la mbele. Duka lipo, anauza miwani ya jua na saa za ukutani, na wapo wanaomwita Dokta hata sasa. Watu wananiambia, si umeshinda, mbona hufurahi? Kwa sababu faini inalipika ikaisha. Binti yangu hajaisha.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wangu. Kila tukitoka kliniki, kabla sijafungua cherehani, namshika binti yangu mkono tunavuka. Tunaingia dukani. Namsimamisha mbele ya meza ya kioo, namwambia yule mtu jicho la kulia limefika wapi. Mwanzo lilikuwa linapanda, na nilimwambia kwa ukali hivyo hivyo, asije akadhani ni sifa yake. Limeona herufi ya juu. Limeona mstari wa pili. Mara ya mwisho mtaalamu wetu wa misheni alivua miwani yake mwenyewe kwanza, akaifuta, ndipo akaniambia kwamba tangu ziara kadhaa zilizopita jicho limesimama mstari wa nne. Tutaendelea, ila nisitegemee sana kuvuka hapo.

Nikavuka barabara. Alikuwa anatia betri kwenye saa.

"Limesimama mstari wa nne," nikasema. "Pengine ndiyo mwisho wake."

Hakuinua uso. "Mama, nimelipa. Nimeomba radhi kanisani. Sasa unataka nifanye nini?"

"Mtazame."

"Mama…"

"Si ulisema nimlete umwone? Nimemleta. Mtazame."

Nikangoja. Mteja aliingia, akatuona, akatoka. Binti yangu, ambaye amenichoka na mambo yangu, alikuwa anagusa saa moja moja ukutani akihesabu mishale. Hatimaye yule mtu akainua macho yake, mazima yote mawili, akamtazama. Yakaanza kumlowa. Wapo watakaosema hapo ndipo ningelegea.

Nikamtajia siku tunayorudi kliniki, nikamwambia siku hiyo tumkute dukani.